Wakwe Wamenikuta Juu ya Bati

Leo wakwe wamefika nyumbani wakanikuta juu ya bati. Nimevaa suti. Nimelikumbatia dishi la runinga kama mtu anayeliiba.

Naandika haya nikiwa hukohuko juu, maana nimerudishwa. Mtaelewa mbele. Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, kwa sababu hapa Nyakanazi habari hupanda lori, na hadi kesho asubuhi hii yangu itakuwa inanywa chai Kahama.

Kwa wasionijua, mimi ni Deo, naziba pancha hapa njia panda. Shule niliishia darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini nikabaki na wadogo watatu. Editha ndiye anayenifuata. Wakati ule watu walisema maneno. Walisema mtoto halei mtoto, ngojeni hao wa marehemu wakue, mtaona wenyewe. Sikuwajibu. Nilikuwa na matairi ya kuziba. Lakini maneno yale sijawahi kuyasahau, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuyajibu, kwa sababu leo Editha alikuwa anaposwa.

Kijana anaitwa Ezekieli. Kwao ni upande wa Rulenge, watu wa kanisa, wazee wao walitoka Burundi zamani wakalima hapo mpaka wakawa wenyeji kuliko wenyeji. Walikuwa wanakuja kumuomba Editha kwangu. Kwangu mimi. Katika kiti cha baba nakaa mimi, ambaye ndevu zangu bado zinasitasita.

(Jana niliota nimesimama mbele ya wageni nimesahau jina la Editha. Nikaamka nikalirudia mpaka jogoo akawika.)

Asubuhi nilimkuta anamenya ndizi jikoni. Hakuniangalia. Akasema, "Kaka, kuna jambo nilitaka kukuambia tangu juzi."

Mtu akikuambia hivyo siku ya posa yake, miguu ndiyo inayosikia kwanza. Nilikaa kwenye kinu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana nilimpeleka Mwanza kujifunza ushonaji. Mwalimu wake akapata kazi ya kushona nguo za wachezaji wa Zawena. (Kama humjui Zawena, wewe huna jirani mwenye spika.) Zawena alikuwa anarekodi kipindi chake maalumu cha runinga, jukwaa zima, moshi, taa, ngoma. Siku ya kurekodi mchezaji mmoja akateguka mguu. Editha alikuwa pembeni na sindano yake, mitindo yote ameshaikariri kwa kuitazama. Wakamvalisha. Wakampandisha.

"Na kipindi chenyewe kinaonyeshwa leo saa kumi," akasema. "Nchi nzima."

Nilitafuta swali la kibaba. Nikalipata.

"Ulivaa nini?"

"Gauni."

"Linafika wapi?"

Akaweka kisu chini, akasimama, akanionyesha kwa kiganja kwenye mguu wake. Sikuangalia. Nitaangaliaje? Niliangalia ndizi. Kumbukeni hapo, kwamba niliangalia ndizi, kwa sababu mabaya yote ya leo yametoka kwenye zile ndizi.

Nikamuuliza kama Ezekieli anajua. Anajua. Na wazee wake? Akasema hajui kama amewaambia. Halafu akaendelea kumenya, hata ndizi aliyokwisha kuimenya. Nikaona anamtaka huyu kijana kweli. Hapo hofu yangu ikawa mbili.

Wazee wa kiume hawakunitisha sana. Aliyenitisha ni shangazi yake Ezekieli, Shangazi Bernadeta. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini sifa zake zilishafika. Nilisikia kwamba aliwahi kuinuka katikati ya harusi kwa sababu mabega ya wasimamizi wa bibi harusi yalikuwa wazi. Hakuondoka peke yake. Aliondoka na ukoo na sufuria za ukoo, pilau likiwa ndani. Mwanamke wa namna hiyo ndiye alikuwa anakuja kukaa sebuleni kwangu, mkabala na runinga, saa ambayo mdogo wangu anakatika mbele ya taifa.

Nilijipa moyo. Walikuwa waje saa sita. Wale, waongee, waondoke, na saa kumi wako njiani karibu na kwao. Nikapiga pasi suti yangu huku naimba.

Simu ikalia. Alikuwa babu yake Ezekieli, Mzee Bigirimana, ambaye ndiye msemaji wao. Akaniambia kwa upole kwamba wameahirisha kidogo, watafika kumi kasoro, na nisiwe na wasiwasi, hawatachelewa. Kisha akauliza kama huku kwetu umeme upo.

Nikasema unakatika sana.

Akasema tumwombe Mungu usikatike.

Nilibaki nimeishika simu. Tangu lini wakwe wakaogopa kuchelewa? Tangu lini wakauliza umeme? Pasi nayo ilikuwa inaunguza kola.

Nikaamua runinga haitawashwa. Rahisi. Nikachukua rimoti nikaifukia kwenye ndoo ya unga.

Sasa, nami nina msemaji wangu. Ni Mzee Rubeni, rafiki wa marehemu baba, ndiye mdomo wetu kwa mambo ya posa mtaa mzima. Alifika mapema kama inavyotakiwa, nikampa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaonja, akaisifu ndizi yake. Nikaenda kuoga. Niliporudi runinga inanguruma. Nilikuwa nimesahau kwamba ina kitufe pembeni. Mzee wa watu hajui rimoti ni nini, kwa hiyo kuificha hakukumpunguzia chochote.

Akaniambia amesikia leo kuna huyo Zawena, hajawahi kumwona, na anataka amwone leo ili awe anamkosoa kwa haki.

Ningemwambia ukweli, nini kingetokea? Siri ukimpa Mzee Rubeni ni upepo kwenye tairi lenye msumari. Na kumzimia mzee runinga siku anayokusemea posa haiwezekani. Wakati huo majirani walishajaa dirishani, kila mmoja na maoni yake kuhusu Zawena hata kabla hajatokea. Mama mmoja anasema ana sauti ya malaika, mwenzake anasema malaika gani ana kucha zile.

Ikabaki njia moja. Dishi.

Ngazi sina. Matairi ninayo. Nikapanga matairi ya lori, moja juu ya lingine, nyuma ya nyumba, nikaanza kupanda na suti yangu. Pembeni alikuwa amekaa dereva mmoja wa lori. Alikuja mchana na pancha, nikamwambia leo nimefunga, nina wakwe, akasema sawa atasubiri. Sasa alikuwa ananitazama.

Akauliza kama hii nyumba ni ya kwangu.

Nikasema ndiyo.

"Basi sawa," akasema, akaendelea kula karanga.

Bati la alasiri linaunguza hata kupitia viatu. Nikalishika dishi, nikaligeuza. Ndani wakaguna kwa pamoja. Nikasikia Mzee Rubeni anaita kwamba picha imekwenda. Nilifurahi. (Nisameheni. Nilifurahi kabisa.) Nikaligeuza zaidi ili lisirudi. Picha ikarudi. Wakashangilia. Nikaligeuza upande mwingine, ikapotea, nikalisogeza tena nihakikishe, ikarudi safi kuliko mwanzo. Mafundi hukaa kutwa wakiitafuta picha wasiipate. Mimi niliyekuwa naikimbia, ilinifuata kila nilipogeukia.

Nikaamua kuchomoa waya kabisa. Nikajivuta hadi ukingoni, nikatanguliza mguu kutafuta tairi la juu nijishikize. Nikalipata. Nikalisukuma.

Tairi la lori likidondoka haliombi ruhusa. Lilianguka kwa wima, likaruka mara moja, likazunguka kona ya nyumba, likapita uwanjani katikati ya kuku, likatoka kwenye uwazi wa ua kuelekea barabarani. Na pale, kwenye gari la kukodi, walikuwa wanashuka wageni kumi wenye makoti na vitenge. Tairi likapunguza mwendo kama lenye adabu, likayumba, likalala miguuni kwa mzee mmoja mrefu mwenye fimbo.

Wakalitazama tairi. Wakatazama lilikotoka. Macho yao yakaja polepole, uwanja, kuku, ukuta, bati, mimi.

Mnajua desturi. Siku ya posa aliyekuja kuomba ni mdogo hata akiwa na mvi. Mzee Bigirimana anaijua kuliko wote. Akavua kofia, akainua uso kunitazama, jua likimpiga machoni, akasema kwa heshima zote:

"Shikamoo, baba mkwe."

Hapa mtu mwenye akili anasema hapana mzee wangu, shikamoo wewe. Mtu mwenye akili anashuka. Mimi hofu ilikuwa imenishika ulimi na kuuendesha yenyewe.

"Marahaba," nikasema.

Nilimwitikia mtu wa umri wa babu yangu. Kutoka juu. Nimechuchumaa.

Dereva wa lori alijifunika uso kwa kofia yake. Hakuna kuku aliyelia.

Mzee Bigirimana alirudisha kofia kichwani, akaniuliza kama huku juu ni salama. Nikamwambia upepo umesogeza dishi, nikapanda kuliweka sawa ili wageni wangu waone vizuri. Uongo huo ulitoka wenyewe ukiwa umeiva, sijui ulipikwa saa ngapi. Ndipo mwanamke mmoja mnene, kitenge kimefungwa bila mkunjo hata mmoja, rozari shingoni, akajitokeza nyuma ya mzee. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Vizuri," Shangazi Bernadeta akasema. "Tulikuwa tunaogopa tutakikosa kipindi."

Akapita ndani.

Kipindi. Alisema kipindi. Nikajua wanajua. Ndiyo maana waliahirisha, ndiyo maana waliuliza umeme. Wamekuja kutazama kwa macho yao, kisha wainuke kwa pamoja na sufuria zao, na ushahidi wenyewe umeonyeshwa na runinga yangu, kwenye sebule yangu, mbele ya majirani walewale waliosema ngojeni wakue mtaona. Nilitazama barabara ya Kahama nikafikiria kuifuata.

Lakini nilishasema napanga dishi. Basi nililipanga. Mzee Bigirimana alisimama mlangoni akawa ananipokezea maneno ya ndani. Kushoto kidogo, baba mkwe. Umepitiliza. Rudi. Kidogo tena. Hapohapo, usipumue. Wakwe wangu waliniongoza kwa upendo mpaka nikawapatia picha ambayo ungehesabu nyuzi za wigi la Zawena.

Kushuka nilishushwa na dereva, nikikanyaga bega lake. Suruali ikasema kitu nyuma. Nikapapasa. Imechanika kutoka mshipini hadi inakokomea heshima. Dereva akaniambia nisijali, nisigeuke tu.

Niliingia sebuleni kwa ubavu, kama kaa, nikakalia kiti cha baba, nikaapa siinuki mpaka wageni wameondoka.

Mlioangalia mnajua kipindi kilivyokuwa. Nawaambia kilivyoonekana kwangu. Zawena alitokea juu akiwa kwenye bembea, moshi umejaa chini. Mzee Rubeni akauliza kama anaimba au anagombana na mtu. Mzee mwingine wa wageni akasema wachezaji hawa hawajala. Majirani wa dirishani wakagawanyika kabisa, wengine wanaimba naye neno kwa neno, wengine wanasema alipokuwa hajatajirika aliimba vizuri zaidi. Dereva, ambaye naye alishafika dirishani, akasema yeye hana upande, anasubiri tairi lake, ila ngoma imekolea.

Mimi sikuwa namtazama Zawena. Namtazama Shangazi Bernadeta. Wimbo wa kwanza, uso kama ukuta. Zawena alipogeuka na lile gauni lake lisilo na mgongo, shangazi alishika rozari. Nikashika kiti. Ukaja wimbo wa taratibu, wa mama aliyeondoka, na machozi yakamtoka shangazi bila uso kubadilika hata kidogo. Mzee Rubeni akasema wimbo huo hauna jipya. Shangazi akamwambia kifo nacho hakina jipya. Mzee Rubeni akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona.

(Mimi machozi nilikuwa nayo. Niliyarudisha. Baba mkwe halii na suruali imechanika.)

Kisha zikaingia ngoma. Zile kubwa, za miti. Wachezaji wakatoka pande zote mbili na wote wakanyanyua mikono, lakini mikono yao ilikuwa ya kufundishwa juzi. Isipokuwa mmoja. Mmoja alinyanyua mikono kama pembe za ng'ombe wa kwetu, imepinda inavyopinda, vidole vimelegea, kichwa kimeinama kidogo. Mama alikuwa ananyanyua hivyohivyo kwenye harusi za watu.

Nilifumba macho. Nikasikia fimbo ya Mzee Bigirimana ikiburuzwa sakafuni, anasogea mbele kwenye kiti.

"Huyo wa katikati," akasema. "Huyo ana kwao. Baba mkwe, huyo siye binti wa nyumba hii?"

Majirani wakaingiza vichwa dirishani. Pazia la chumbani, ambako Editha alikuwa amefichwa na wenzake mpaka aitwe, lilitikisika.

Ndugu zangu, hofu ni kitu kibaya. Nilisikia sauti yangu ikisema:

"Huyo? Simjui. Nyumba hii haina msichana kama huyo."

Sasa, kwa wasiojua mambo ya huku. Posa yetu, na ya wenzetu wenye asili ya Burundi ni hivyohivyo, ni mashindano ya maneno. Wageni wakisema wamemfuata binti fulani, wenyeji hukana. Hatuna huyo. Alishaolewa. Aliingia utawa. Mmekosea nyumba. Wageni hujibu kwa maneno matamu, wenyeji huongeza ugumu, rubisi inazunguka, na mambo huchukua jioni nzima mpaka wenyeji washindwe kwa heshima. Anayefungua kukana ni msemaji, kwa wakati wake, baada ya sala na chakula. Na maneno ya kufungulia yenyewe ndiyo haya: nyumba hii haina msichana kama huyo.

Niliyatamka yote. Bila kupunguza hata moja.

Mzee Bigirimana akasimama. Uso wake uling'aa kama mtu aliyeitwa kucheza kabla hajatarajia. Akarekebisha koti, akagonga fimbo chini, akasema:

"Tumesikia, na mashahidi wapo dirishani. Binti tuliyemwona hana kwao. Kwetu, ng'ombe akikutwa porini na mwenye nyumba akasema si wake, aliyemwona humpeleka nyumbani akampa maji. Tunawashukuru. Tunaondoka naye jioni hii, na ng'ombe wetu wanabaki Rulenge."

Makofi, vigelegele, dirisha karibu ling'oke. Wageni wanapigana mabega. Lilikuwa pigo zuri, nakiri, ningekuwa mtu mwingine ningepiga makofi. Nikamtazama Mzee Rubeni aniokoe. Alikuwa amekunja mikono, amegeukia ukuta. Nilikuwa nimemnyang'anya ufunguzi aliouandaa wiki nzima. Akaniambia polepole kwamba mwenye mdomo ameshasema, amalizie.

Wote wananisubiri. Na pazia lilikuwa limetulia.

Hilo pazia ndilo lililonitisha kuliko shangazi. Wageni walidhani ni mchezo. Editha ananijua. Anajua sauti yangu ya mchezo na anajua ile niliyoitumia miaka yote usiku wa mvua kubwa, nikiwaambia wadogo siogopi. Alijua kwamba kaka yake amemkana kweli.

Nikasimama. Upepo ukanipitia nyuma, nikakumbuka suruali, nikabaki nimesimama.

"Huyo ni mdogo wangu," nikasema. "Anaitwa Editha. Nimemlea mimi. Sikuwa nacheza, wazee wangu, niliogopa. Nilipanda kule juu kuiharibu picha, siyo kuitengeneza. Kama gauni lake limewakosea, aliyempeleka Mwanza ni mimi. Lakini ni wa kwetu. Simkani tena."

Mzee Rubeni alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Katika posa walizosimamia wazee wote wa Biharamulo hakuna upande wa mke uliowahi kushindwa namna hii. Mazungumzo ya jioni nzima nimeyamaliza wageni hawajagusa hata mrija wa rubisi. Mzee Bigirimana alibaki na fimbo hewani, anamtazama huyu na yule. Amejifunza majibu ya kila aina ya uongo. Ya ukweli hakuwa nayo.

Aliyesema ni Shangazi Bernadeta.

"Gauni lina nini?"

Sikuelewa.

"Baba mkwe, nakuuliza. Lina nini?"

Nikageukia runinga. Kwa mara ya kwanza leo, nikatazama. Editha bado yuko pale, mikono juu, anazunguka, na gauni lake linafika chini ya muundi. Linakaribia kifundo cha mguu. Kwenye jukwaa lile zima hakukuwa na gauni refu kuliko lile. Ningekitazama kile kiganja asubuhi badala ya kutazama ndizi, sasa hivi ningekuwa mtu mwenye suruali.

Shangazi akanieleza kama anavyoelezwa mtoto wa kipaimara. Ezekieli aliwaambia wiki iliyopita. Rulenge nzima iko mbele ya runinga hivi sasa, hata katekista. Ni yeye shangazi aliyelazimisha saa ibadilishwe, kwa sababu alitaka kumtazama huyu binti akiwa amekaa pamoja na watu waliomlea.

"La Zawena ndilo limenisumbua," akasema. "Lakini Zawena hatukuja kumposa."

Akatazama runinga tena, akauliza lile refu limeshonwa na nani.

"Mimi, shangazi," ikajibu sauti nyuma ya pazia.

Bibi harusi mtarajiwa haongei. Hajaitwa, hajatolewa, haruhusiwi hata kukohoa. Mzee Rubeni alitoa mguno wa mtu aliyezikwa na bado anasikia. Nikasubiri shangazi ainuke na ukoo.

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la upande mmoja, lakini nililiona.

"Utanishonea kama hilo," akaliambia pazia. "Shingo ipande kidogo."

Hapo ndipo wote walipocheka. Walicheka mpaka mzee mmoja akapigwa mgongoni, akapewa maji. Mzee Bigirimana akaja akanishika mkono, akasema ng'ombe watakuja, maana mtu aliyeshindwa kuushikilia uongo wake mwenyewe hawezi kuachwa bila ng'ombe. Kisha akaniamkia tena, shikamoo baba mkwe, kwa makusudi, watu wasikie. Safari hii nilipiga goti. Suruali ikasema tena.

Ningependa iishie hapo. Nilikuwa naanza kupumua. Editha alitoa kichwa pazia likiwa bado linamfunika, akanitazama, akatikisa kichwa kama mama alivyokuwa anatikisa nikirudi na matope. Najua nimesamehewa, ingawa si bure.

Ndipo upepo ukaja. Wa kweli sasa. Picha ikakwenda, na Zawena alikuwa anaingia wimbo wa mwisho.

Waligeuka wote, wageni, majirani, dereva, Mzee Rubeni mwenyewe, wakanitazama mimi. Shangazi Bernadeta akanyoosha kidole kimoja kuelekea dari.

"Baba mkwe," akasema. "Panda."

Ndiyo maana niko huku. Nimefunga kitenge cha shangazi kiunoni, amenipa mwenyewe. Mkono mmoja umeshika dishi, mmoja unaandika. Kipindi kilishaisha, lakini wamegundua kuna marudio yanafuata na hawataki niondoke. Chini nasikia wanabishana kama Zawena ni mwimbaji au ni kelele, na rubisi imeanza kuzunguka. Dereva bado anasubiri tairi lake. Amenirushia karanga.

Msinicheke. Na wewe utakayepita Nyakanazi na pancha, njoo, nitakuzibia vizuri. Ila ukiniuliza kama picha ipo, utalisukuma gari lako mpaka Biharamulo.